Nusumaisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari ya mionzi ikitajwa, neno hili halikosekani, na bado ni kati ya maneno ya fizikia ya nyuklia yanayoeleweka nusunusu. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa tena na tena. Nimeyapanga jinsi yanavyokuja, kwa maana moja huzaa jingine.

Nusumaisha ni nini hasa?

Ni muda unaopita mpaka nusu ya atomu za aina fulani isiyo tulivu ziwe zimevunjika na kugeuka kitu kingine. Iodini-131, kwa mfano, ina nusumaisha ya siku 8. Ukianza na atomu milioni moja, baada ya siku 8 utabaki na laki 5. Zikipita siku 8 nyingine utabaki na laki 2 na nusu, si sifuri. Kila kipindi hula nusu ya kile kilichokuwepo kipindi hicho kilipoanza. Hakiulizi ulikuwa na kiasi gani siku ya kwanza.

Kinachovunjika ni kiini cha atomu, lile fungu dogo la protoni na nyutroni lililo katikati. Viini vingi vimetulia daima. Vingine vina nishati ya ziada, au protoni na nyutroni zake haziko katika uwiano unaofaa, na wakati wowote vinaweza kutema chembe au mwale ili vitulie. Kila isotopi isiyo tulivu (isotopi ni aina za atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni) ina nusumaisha yake, na hiyo ni kama alama ya kidole: ukipima nusumaisha ya chanzo usichokijua, mara nyingi umeshajua una nini mkononi.

Nusu ya nini? Kitu chenyewe kinapungua?

Nusu ya atomu za aina ile, na papo hapo nusu ya kasi ya kuvunjika kwake. Si nusu ya uzito.

Chukua gramu moja ya radiamu-226, uifungie kwenye chupa isiyovuja kabisa. Nusumaisha yake ni miaka 1,600. Atakayeiweka chupa hiyo kwenye mizani baada ya miaka hiyo atasoma karibu gramu ile ile. Lakini nusu ya radiamu haimo tena: imepitia radoni, poloniamu na wengine katika ukoo huo, na sehemu kubwa imeishia kuwa risasi, huku gesi ya heliamu ikijikusanya juu. Hakuna kilichoyeyuka, ila kilichomo kimebadilika.

Tena kinachozaliwa kinaweza kuwa kikali kuliko mzazi wake. Sesiamu-137 ina nusumaisha ya miaka 30 hivi. Sehemu kubwa yake huzaa bariamu iliyochangamka, yenye nusumaisha ya dakika 2 na nusu tu, na ile mionzi ya gama ambayo kila mtu husema ni ya sesiamu hutoka kwa mtoto huyo. Mzazi mpole, mtoto mkorofi.

Kwa nini nusu? Kwa nini wasitaje muda wa kuisha kabisa?

Kwa sababu muda huo haupo. Hili halieleweki vizuri mpaka ulione kwa macho, basi tafuta sarafu 64 na meza.

Zirushe zote. Zilizoangukia upande wa kichwa ziweke kando, zilizobaki zirushe tena, na kadhalika. Mfululizo mmoja unaweza kwenda hivi: 64, 35, 16, 9, 5, 2, 2, 1, 0. Mwanzoni nusu inatoka vizuri, karibu kama hesabu inavyotaka. Kuelekea mwisho mambo ni bahati tupu: sarafu mbili zimegoma raundi nzima bila sababu yoyote. Rudia mchezo na utaona mwanzo unafanana na ule wa kwanza, ila mkia umekuwa mwingine kabisa. Sarafu ya mwisho haina miadi na mtu.

Atomu nazo ni hivyo hivyo, tofauti ni wingi. Gramu moja ya urani ina atomu zipatazo bilioni bilioni 2,500. Kwa umati wa namna hiyo, bahati za mmoja mmoja humezwa, na nusu hutoka sahihi kiasi kwamba unaweza kuitumia kama saa. Ndiyo maana nusumaisha ni sifa ya umati. Atomu moja uliyoishika (kama ungeweza) haina nusu ya chochote: ama ipo, ama imeshavunjika.

Atomu iliyokaa muda mrefu si iko karibu zaidi kuvunjika?

Hapana, na hapa ndipo neno "maisha" linapotuponza. Sisi huzeeka. Mzee wa miaka 90 na kijana wa miaka 20 hawana matarajio sawa ya kuuona mwaka ujao. Atomu haizeeki. Atomu ya urani-238 iliyolala ndani ya mwamba kwa miaka bilioni 4, na nyingine iliyozaliwa jana ndani ya tanuri la nyuklia, zina uwezekano ule ule wa kuvunjika leo. Hakuna kipimo chochote kitakachokuonyesha ipi ni kongwe.

Maelezo ya jambo hili yalipatikana mwaka 1928, George Gamow kwa upande wake, na Ronald Gurney na Edward Condon kwa upande wao. Walikuwa wakishughulika na viini vinavyotema chembe ya alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikana. Chembe hiyo iko ndani ya kiini kama mfungwa ndani ya ukuta, na nishati yake haitoshi kuuruka. Kwa fizikia ya zamani ingebaki humo milele. Kwa fizikia ya kwanta, kila inapougonga ukuta ina nafasi ndogo, ndogo mno, ya kujikuta iko nje. Ndani ya urani-238 hugonga kwa kadiri ya mara bilioni bilioni 1,000 kila sekunde, na bado kwa kawaida huchukua mabilioni ya miaka kutoka. Kila pigo ni bahati nasibu mpya. Mapigo yaliyopita hayahesabiwi.

Hapo pia ndipo tunapoelewa kwa nini nusumaisha hutofautiana kupita kiasi. Chembe ya alfa ya poloniamu-212 ina nishati kama mara mbili tu ya ile ya thoriamu-232. Lakini poloniamu hiyo ina nusumaisha ya sehemu 3 za milioni 10 za sekunde, ambayo ni pungufu hata ya kufumba na kufumbua, wakati thoriamu ina miaka bilioni 14. Nishati ikiongezeka kidogo, ukuta wa kupenya unakuwa mwembamba, na uwezekano unapanda kwa namna isiyolingana kabisa na lile ongezeko.

Neno lenyewe limetoka wapi? Na kwa Kiswahili tuandikeje?

Wazo lilianza kwa Ernest Rutherford, akiwa Montreal, Kanada, mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa akipitisha hewa juu ya thoriamu na kuipeleka kwenye chombo cha kupimia umeme. Aligundua kwamba hewa hiyo ilibeba kitu chenye mionzi, na kwamba ukiacha kuipuliza, nguvu ya kitu hicho ilishuka hadi nusu kwa muda wa kama dakika moja, dakika ya pili ikashuka hadi robo, na kuendelea. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1900. Leo tunajua ilikuwa radoni-220, na nusumaisha yake ni sekunde 56 hivi, kwa hiyo hakuwa mbali. Miaka miwili baadaye, yeye na Frederick Soddy walisema waziwazi kwamba elementi moja ilikuwa ikigeuka nyingine, jambo ambalo wanakemia wa siku zile walilisikia kama uganga.

Kwa Kiswahili utakutana na nusumaisha, nusu maisha na nusu-uhai. Zote zinaeleweka. Mimi huandika nusumaisha, neno moja, kwa sababu likitenganishwa msomaji huanza kutafuta nusu nyingine ya maisha iko wapi. Nisichokubali ni "muda wa kuisha" au "muda wa matumizi", ambavyo nimeviona zaidi ya mara moja kwenye tafsiri. Hiyo ni lugha ya paketi ya dawa, na inamfanya mtu aamini kuna siku ambayo mionzi inakoma.

Basi nusumaisha mbili zikipita, bado kuna kitu?

Robo. Zikipita 7, imebaki chini ya asilimia 1. Zikipita 10, imebaki sehemu moja ya 1,024. Hospitali nyingi hutumia kanuni hiyo ya 10 kwa taka za dawa zenye nusumaisha fupi: huziweka kwenye stoo yenye kinga, husubiri, hupima, ndipo huzitupa kama taka nyingine. Neno la kushika hapo ni "hupima". Sehemu moja ya elfu ya kitu kikali mno bado inaweza kuwa kali.

Nihesabuje bila kompyuta?

Kwa vipindi kamili, gawanya kwa mbili tu. Teknesiamu-99m, ambayo hutumika sana kupiga picha za mifupa, moyo na figo, ina nusumaisha ya saa 6. Tuseme mgonjwa amechomwa kipimo cha megabekereli 800 saa 2 asubuhi (bekereli moja ni kiini kimoja kuvunjika kwa sekunde). Saa 8 mchana zimebaki 400. Saa 2 usiku, 200. Saa 8 usiku, 100. Kesho yake saa 2 asubuhi, 50. Hapo sijahesabu kile kinachotoka kwa njia ya mkojo, nacho si kidogo.

Muda usipogawanyika vizuri, wengi hukosea. Baada ya saa 9, yaani nusumaisha moja na nusu, imebaki asilimia ngapi? Jibu la haraka ni 37.5, katikati ya 50 na 25. Jibu sahihi ni 35 na kidogo. Njia yake: gawanya muda uliopita kwa nusumaisha, upate 1.5, kisha pandisha 0.5 kwenye kipeo hicho. Mstari wa kushuka haujanyooka, umepinda: huanza kwa kishindo, kisha hupungua mwendo.

Kitu chenye nusumaisha ya mabilioni ya miaka si ndicho hatari zaidi?

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji ameshajijibu kwamba ndiyo. Ukweli unakwenda kinyume. Nusumaisha ndefu maana yake ni atomu chache kuvunjika kwa sekunde. Nusumaisha fupi maana yake zinavunjika kwa fujo, halafu kimya.

Linganisha gramu moja kwa gramu moja. Urani-238, yenye nusumaisha ya miaka bilioni 4.47, hutoa bekereli zipatazo 12,400. Radiamu-226, miaka 1,600, hutoa bilioni 37. Na kwa hakika kipimo cha zamani cha kyuri kilitokana na gramu hiyo moja ya radiamu. Iodini-131, siku 8, hutoa zaidi ya bilioni milioni 4. Ukiambiwa uchague gramu moja ya kukaa nayo chumbani, chagua ile ya bilioni za miaka.

Hata hivyo usiigeuze kuwa kanuni ya macho yaliyofumbwa. Kinachoumiza hutegemea pia aina ya mionzi, nishati yake, na kama kitu kinaingia mwilini na kung'ang'ania wapi. Alfa husimamishwa na karatasi, lakini ikishaingia kwenye pafu hakuna karatasi humo. Urani, tena, ni sumu kwa figo kama metali nyingine nzito, mionzi au hakuna mionzi.

Ukinisukuma niseme zipi zinatia wasiwasi zaidi, nitasema zile za katikati, zenye nusumaisha inayofanana na umri wa mwanadamu. Ni fupi kiasi cha kuwa kali, na ni ndefu kiasi kwamba huwezi kuzisubiri. Ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986 inaonyesha vizuri. Iodini-131 iliyomwagika ilidhuru tezi za shingo za watoto wengi, lakini iliisha yenyewe ndani ya miezi michache. Sesiamu-137 bado iko kwenye udongo: mwaka 2016 ndipo ilipofikia nusu hivi ya ile ya mwanzo. Na mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma waliingia kwenye jengo la tiba lililoachwa, wakachukua kichwa cha mashine na kukivunja. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, usiofika gramu 100, uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliugawana kama kitu cha ajabu. Wanne walikufa. Mashine ilikuwa imeachwa kwa sababu haitumiki tena. Sesiamu haikujua hilo.

Je, kuchoma, kugandisha au kutia kemikali hupunguza nusumaisha?

Hapana. Ukichoma kitu chenye mionzi, unapata moshi wenye mionzi. Moto na kemikali huchezea elektroni za nje ya atomu, na kiini kiko mbali nazo na kimefungwa kwa nishati kubwa kuliko za kemikali kwa mamilioni.

Kuna vighairi, vinavyopendeza zaidi kuliko vinavyofaa kazi. Berili-7 huvunjika kwa kumeza elektroni yake yenyewe, hivyo ukibadilisha kampaundi iliyomo, nusumaisha husogea kwa kiasi kidogo sana. Kilichonishangaza mimi niliposoma ni reni-187: katika hali ya kawaida nusumaisha yake ni zaidi ya miaka bilioni 40, lakini watafiti mjini Darmstadt, Ujerumani, waliinyang'anya elektroni zote 75, ikashuka hadi miaka 33 hivi. Hali hiyo unaweza kuitarajia ndani ya nyota, si ndani ya tanuru la taka.

Njia pekee ya kuondoa kiini kisichotakiwa kabla ya wakati wake ni kukigonga, kwa nyutroni kwa mfano, ili kigeuke kingine. Hapo hujabadili nusumaisha yake. Umeua mgonjwa ili kumaliza ugonjwa.

Mtu alisubirije miaka bilioni 4 apime ya urani?

Hakusubiri. Alihesabu. Miligramu moja ya urani-238 ina idadi ya atomu inayojulikana kutokana na uzito wake. Iweke mbele ya kipimo kizuri na utahesabu mivunjiko 12 na kidogo kwa sekunde. Zidisha idadi ya atomu kwa 0.693, gawanya kwa mivunjiko ya sekunde moja, na jibu ni nusumaisha kwa sekunde. Ile 0.693 ni logi asilia ya 2, na itakufuata kila uendako kwenye somo hili.

Kwa zile fupi, unatazama zikififia. Maabara za shule hutumia ile bariamu ya dakika 2 na nusu: unasukuma kimiminika kwenye kichupa chenye sesiamu, matone yanatoka na bariamu, unayaweka chini ya kipimo na kuandika namba kila nusu dakika. Mlio wa kipimo, ulioanza kama mvua ya mabati, baada ya robo saa umekuwa tone, tone.

Nusumaisha hutumikaje hospitalini, zaidi ya kupiga picha?

Kwanza, katika kupeleka dawa zenyewe. Teknesiamu-99m ya saa 6 haiwezi kusafirishwa mbali, ingefika imekufa. Kwa hiyo hospitali hununua mzazi wake, molibdeni-99, yenye nusumaisha ya saa 66, ikiwa imefungwa ndani ya kifaa kizito cha risasi. Kila asubuhi mhudumu hupitisha maji ya chumvi humo na kuchukua teknesiamu iliyozaliwa tangu jana. Wenyewe hukiita ng'ombe, na kazi hiyo ni kukamua. Baada ya wiki moja hivi ng'ombe amekauka, analetwa mwingine.

Pili, katika mashine za kobalti-60 za kutibu saratani. Kobalti ina nusumaisha ya miaka 5.27, maana yake inapungua kama asilimia 1.1 kila mwezi. Anayepanga tiba lazima arefushe dakika za mgonjwa mwezi baada ya mwezi. Chanzo kisipobadilishwa kwa miaka hiyo 5 na ushee, mgonjwa wa leo atalala chini ya mashine mara mbili ya muda wa yule wa kwanza kwa dozi ile ile.

Tatu, mwili nao una saa yake. Hutoa vitu nje kwa jasho, mkojo na choo, na muda wa mwili kutoa nusu huitwa nusumaisha ya kibayolojia. Ukizichanganya mbili, unapata inayofanya kazi kweli, na daima ni fupi kuliko zote mbili: zidisha moja kwa nyingine, kisha gawanya kwa jumla yake. Iodini-131 kwenye tezi ya shingo: siku 8 za fizikia, kama siku 80 za mwili. 8 mara 80 ni 640, gawanya kwa 88, unapata siku 7 na kidogo. Sesiamu-137 ni kinyume: fizikia inasema miaka 30, lakini mwili wa mtu mzima hutoa nusu ndani ya miezi mitatu hivi.

Madaktari husema dawa ya kawaida ina nusumaisha. Nayo ina mionzi?

Haina. Wameazima neno. Wanamaanisha muda wa kiasi cha dawa kwenye damu kushuka hadi nusu. Hesabu ni ile ile, sababu ni nyingine: hapo ni kazi ya ini na figo, na hutofautiana mtu na mtu. Ya kiini haitofautiani mtu na mtu.

Umri wa vitu vya kale hupimwaje kwa kaboni-14?

Viumbe hai huchukua kaboni mpya kila siku, na ndani yake mna kaboni-14 kidogo inayotengenezwa angani na mionzi ya anga za juu. Kiumbe akifa, haingizi tena, na iliyomo huanza kupungua kwa nusumaisha ya miaka 5,730. Willard Libby na wenzake mjini Chicago walilifanyia kazi wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1940, naye akapata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Kufikia miaka 50,000 hivi iliyobaki ni kidogo mno kupimika, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mfupa wa dinosaria ulipimwa kwa kaboni.

Kuna kichekesho hapa. Libby alitumia nusumaisha ya miaka 5,568. Baadaye ikagundulika kuwa pungufu kwa kama asilimia 3. Lakini maabara zilikuwa zimeshachapisha tarehe nyingi kwa namba ya zamani, na wakakubaliana waendelee kuitumia ili tarehe za jana na za leo zilingane. Masahihisho hufanywa baadaye, pamoja na mengine, kwa kutumia pete za miti. Na "sasa" katika tarehe hizo ni mwaka 1950, hata ukisoma leo.

Na umri wa dunia?

Hapo kaboni haifai, zinahitajika saa za polepole. Dunia ina miaka bilioni 4.54. Urani-238 imepita nusumaisha moja tu tangu hapo, kwa hiyo nusu yake bado ipo. Urani-235, yenye nusumaisha ya miaka milioni 704, imepita zaidi ya 6, na ndiyo maana leo ni asilimia 0.72 tu ya urani yote.

Rudisha saa hiyo nyuma miaka bilioni 2 na utakuta urani-235 ilikuwa zaidi ya asilimia 3, karibu na kiwango ambacho leo mataifa hutumia mitambo ya gharama kukifikia kwa ajili ya vinu vya umeme. Je, haikuwahi kuwaka yenyewe? Iliwaka. Mwaka 1972, kiwanda kimoja Ufaransa kilipokea urani kutoka Oklo, Gabon, iliyokuwa na asilimia 0.717 badala ya 0.720. Upungufu wa elfu chache za asilimia, na mtu mmoja angeweza kusema ni makosa ya kipimo. Walifuatilia, wakakuta kwamba maji yalikuwa yameingia kwenye mashapo yenye urani nyingi na kuwasha kinu cha asili, kilichofanya kazi kwa malaki ya miaka kabla mwanadamu hajawa hata wazo.

Vyombo vya angani hutumia nusumaisha vipi?

Voyager 1 na Voyager 2, vilivyorushwa mwaka 1977, hupata umeme kutokana na joto la plutoniamu-238, nusumaisha miaka 87.7. Kwa hesabu yetu, miaka 50 ikitimia inabaki asilimia 67 ya plutoniamu. Umeme umeshuka zaidi ya hapo kwa sababu vipande vinavyogeuza joto kuwa umeme navyo vimechakaa, na vipande huzeeka. Wahandisi wamekuwa wakizima vifaa kimoja kimoja.

Nusumaisha na wastani wa maisha ni kitu kimoja?

La. Wastani ni mrefu zaidi, kama mara 1.44 ya nusumaisha, kwa sababu zile atomu chache zinazogoma kuvunjika huuvuta juu. Nyutroni iliyo nje ya kiini huishi wastani wa dakika 15 hivi, ila nusumaisha yake ni dakika 10 na kidogo. Kabla ya kulinganisha namba za vitabu viwili, angalia kila kimoja kimetaja ipi.

Kuna mionzi ndani yangu sasa hivi?

Ndiyo. Potasiamu ya mwili ina chembe kidogo ya potasiamu-40, nusumaisha miaka bilioni 1.25, na ndani ya mtu mzima atomu zake zaidi ya 4,000 huvunjika kila sekunde. Umezaliwa nayo.

Nusumaisha ndefu kuliko zote ni ipi?

Kwa muda mrefu bismuthi-209 ilihesabiwa kuwa tulivu. Mwaka 2003 watafiti Ufaransa waliikamata ikitema alfa: nusumaisha yake ni kama miaka bilioni bilioni 19, zaidi ya mara bilioni ya umri wa ulimwengu. Mwaka 2019, chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, pipa la zenoni ya kimiminika la tani kadhaa lilionyesha zenoni-124 ikivunjika, kwa nusumaisha inayozidi hiyo karibu mara elfu. Hawakuweza kusubiri muda, wakarundika atomu.

Halafu kuna tantalamu-180m. Kwa hesabu haina budi kuvunjika, kiini chake kimechangamka na nishati ipo. Watu wameivizia kwa miongo, kwenye mahandaki ya kimya, na hakuna aliyewahi kuiona ikifanya hivyo. Kwenye majedwali, mahali pa nusumaisha yake pameandikwa alama ya "zaidi ya", kisha namba, na kila jaribio jipya linaikuza ile namba.